Mabegi Mawili na Kaburi la Mutwiri

Mmeniuliza wengi safari yetu ilikuwaje, sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya dawa pale hospitalini Nkubu, na wote nimewajibu "salama tu" kwa sababu foleni ilikuwa inasonga. Haikuwa salama. Nimeona heri niandike mara moja, mwenye kutaka asome, nisije nikaisimulia vipande vipande na kila kipande nikijipendelea.

Kwa wasiomjua, Mutwiri alikuwa kitinda mimba wetu. Alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi, na majira ya baridi ya pili kifua kikamlemea, akafa akiwa na miaka ishirini na sita. Alizikwa huko huko, katika mji mdogo alikokuwa amepanga chumba. Kumleta nyumbani kulitushinda. Mwenye shahada nyumbani nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo barua ya kukubali azikwe ugenini niliiandika mimi, kwa Kiingereza kizuri sana. Nilimwambia Mama kwamba kaburi ni kaburi, popote lilipo lipo.

Miaka ishirini baadaye ikaja barua ya Bi Hannelore, mwenye nyumba aliyempangisha Mutwiri, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akilipandia maua kaburi lake. Aliandika kwamba kwao mtu wa safu kama ile ya Mutwiri hupewa kaburi kwa muda, na muda ukiisha mawe huondolewa na ardhi husawazishwa. Hakuna kuongeza. Kazi ingemalizika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tukitaka kumwona, tuje kabla ya hapo.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba kama watu wale wamemchoka mwanawe, basi tumletee konzi moja ya udongo wa juu ya kifua chake, auweke kando ya Baba, mahali palipoachwa wazi. Alishona kifuko cha kitambaa cheupe, akampa dada yangu Kagendo. Mimi hakunipa kitu. Sikuliona hilo wakati ule.

Majengo

Sitawachosha na viza wala tiketi wala kibali cha kuingiza udongo nchini. Hayo yote yalikwenda sawa, na pengine ndiyo yaliyonilevya, nikaamini kwamba aliyeshinda makaratasi ameshinda safari. Muda uliobaki nikautia kwenye mabegi. Kila jioni kwa majuma matatu, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu alikaa kitandani akitazama video za vijana wa ng'ambo wakibishana kuhusu zipu. Nilijifunza kwamba msafiri wa treni anahitaji begi moja analoweza kulipandisha ngazi bila kupumzika, na jingine dogo la kubeba mchana anapotembelea mji. Nililijua hilo vizuri kabisa. Nina elimu ya kutosha kujua jambo na nisilifuate.

Kule Majengo, nyuma ya msikiti, Bwana Salim huuza mabegi na kushona yaliyopasuka. Amewahi kusafirisha mizigo hadi Moyale, na amekwenda hija. Nilipoweka mkono juu ya begi la bluu lenye magurudumu manne, lililonifika mbavuni, aliacha sindano.

"Mwalimu, unaenda kutembea ama unahama?"

"Naenda wiki moja."

"Wiki moja! Hiyo ni begi ya mtu ametoroka bibi."

Muuza nyama wa mlango wa pili alicheka hadi akaegemea gogo lake. Bwana Salim alinishushia begi jeusi la turubai, dogo. "Chukua hii. Jaza, beba, zunguka msikiti mara tatu. Ukirudi unapumua, hiyo ndio yako. Ukirudi unatukana watu, punguza nguo. Mimi huko Maka niliona wazee wanakokota masanduku kama mtu anavuta punda amekufa."

"Lakini hili lina magurudumu manne, Bwana Salim. Linajiendesha lenyewe."

"Kwa sakafu ya tailisi, ndio. Sasa safari yako yote iko juu ya tailisi?"

Nililinunua lile la bluu. Nikanunua na begi la mgongoni lenye mifuko tisa, mmoja wa siri unaolala mgongoni ili mwizi asiuone. Bwana Salim aliniongezea kufuli, kama mtu anavyompa mlevi koti lake.

Nkubu hadi Runyenjes

Nitajitetea kidogo. Sikununua begi kubwa kwa majivuno peke yake. Kwetu mtu akisikika anakwenda ng'ambo, begi lake hufungwa na majirani. Jumamosi na Jumapili mlango wangu haukupumzika. Kulikuja unga wa wimbi, maharage meusi ya njahi, majani ya chai, na sweta ya mtoto aliyezaliwa nchi ambayo bibi yake hawezi kuitamka. Mama Karimi alileta furushi la unga la binti yake aliyeolewa Uholanzi.

"Mama Karimi, mimi naenda Ujerumani."

"Si ni hapo tu? Nimeona kwa ramani zinagusana."

"Hata Meru na Isiolo zinagusana."

"Na si wewe huenda Isiolo?"

Nilipokea. Kukataa furushi la mtu ni kumwambia mtoto wake si kitu. Tena Mama mwenyewe aliwahi kumtumia Mutwiri unga kupitia kwa kijana wa jirani, na ulifika. Yule kijana hakusema kwamba begi lake limejaa.

Jumatatu asubuhi mimi na rafiki mwenye pikapu tulilipeleka begi kwenye kiwanda cha kahawa kulipima, maana mizani ya kweli iko huko. Karani alilitundika kwenye ndoano, mshale ukakimbia.

"Mwalimu, hii kahawa umevuna na mti wake?"

Kisha rafiki yangu akanipitishia Runyenjes kumchukua Kagendo, alikoolewa na anakolima. Alikuwa amesimama barabarani na begi moja la kahawia, lile analoendea mikutano ya akina mama kanisani. Ndani mlikuwa na nguo mbili, Biblia, nduma za kuchemsha, na kile kifuko cheupe. Alilitazama begi langu lililolala nyuma ya pikapu, limefungwa kamba.

"Hiyo ni begi ama ni jeneza?"

Kisha akajisikia alichosema. Akapanda mbele, akalipakata lake.

Frankfurt

Tulitua Jumanne asubuhi. Begi la bluu lilitoka salama, na kwenye sakafu ya uwanja wa ndege lilijiendesha lenyewe kweli kweli. Nilimwonyesha Kagendo kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo dakika pekee ambayo begi lile lilinipa raha, na ilikwisha tulipofika kwenye mawe ya barabarani.

Hapo ndipo tulipobishana, na nataka niliandike hili bila kulipaka sukari. Mji wa Bi Hannelore tungeweza kuufikia siku ile ile kabla ya jua kutua. Lakini mimi nilikuwa nimepanga tulale siku mbili katika mji mwingine ulioko njiani, mkubwa, wenye kanisa ambalo nililisoma chuoni na kulitamani miaka thelathini. Bi Hannelore nilikuwa nimemwandikia atutarajie Alhamisi saa sita mchana.

"Mutwiri kwanza," alisema Kagendo. "Hayo mengine baadaye."

"Dada, leo ni Jumanne. Wamesema Ijumaa. Alhamisi bado tuko mbele."

"Na wakianza mapema?"

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka. Nilimkumbusha notisi ya kubomoa vibanda pale sokoni Nkubu, jinsi ilivyobandikwa, ikasomwa, ikafifia, na akina mama wakauza ndizi chini yake mpaka aliyeisaini akastaafu. Kwetu siku ya mwisho ndiyo siku ambayo watu huanza kufikiria. Tena kaburi! Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Mawakili humpelekea hakimu picha zake. Ni nani angeamka asubuhi na mapema kwenda kufuta kaburi?

Kagendo ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, lakini tiketi zilikuwa kwenye mfuko wangu wa siri. Alifuata.

Mji wenye kanisa

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne na hapakuwa na lifti. Nilipandisha begi ngazi moja moja, nikipumzika kila pembe. Kwenye ghorofa ya pili bibi mmoja alifungua mlango, akanitazama nikihema, akaufunga taratibu. Kagendo alikuwa ameshafika juu na begi lake la mikutano na alikuwa amekwisha kunawa uso.

Jumatano ilikuwa siku ya begi la pili. Nililijaza kama nilivyofundishwa na wale vijana wa video. Nilitia mwavuli, sweta, maji, kitabu, dawa, chaja na darubini. Lilinivuta mabega nyuma nikatembea kama mtu anayekamatwa. Mifuko ilikuwa tisa na kila kitu kilikuwa katika ule wa kumi. Kwenye tramu mkaguzi alisimama mbele yetu akisubiri nikifungua zipu moja baada ya nyingine, mpaka Kagendo akamwambia kwa Kiswahili, "Pole, baba, huyu ni msomi." Yule bwana akaitika kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Mlangoni mwa kanisa mlinzi alilionyesha begi, akatikisa kidole. Kubwa mno. Lisiingie.

"Ingia wewe," Kagendo alisema. "Mimi nitakaa nalo."

"Tutapeana zamu."

"Ingia, Kirimi."

Niliingia. Nikakaa ndani saa moja na nusu. Sitaeleza nilichokiona, maana nimeshapoteza haki ya kukisifu. Nilipotoka, kulikuwa na upepo wenye mvua nyepesi, na dada yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi na leso kichwani, amelikumbatia begi langu mapajani ili lisilowe. Mpita njia mmoja alikuwa amemwekea sarafu juu ya begi. Kagendo alinikabidhi.

"Nimelipwa kwa kukulindia mzigo," alisema. "Umemaliza?"

Siku hiyo tulikula viazi na soseji tukiwa tumesimama. Aliacha soseji yake, akafungua nduma iliyobaki, akaila ikiwa baridi, akitazama upande treni zinakotokea.

Treni ya nusu mbili

Alhamisi tulifika stesheni mapema. Mpaka hapo mtu angeweza kusema nimepanga vizuri. Dakika chache kabla ya treni kuingia, sauti ilisema kitu kwa Kijerumani, na watu wote waliokuwa nasi wakainua mabegi yao madogo, wakaondoka kama ndege. Jukwaa limebadilishwa. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni. Ilitubidi tushuke ngazi, tupite chini ya reli, tupande ngazi nyingine.

Nililishusha begi likinigonga visigino. Kijana aliyechorwa chale mpaka shingoni alishika mwisho mwingine bila kuulizwa, tukalipandisha pamoja, yeye akiwa mbele. Juu alilitua, akasema neno moja la Kiingereza, "Mawe?" Nikamwambia, "Maharage." Akacheka, akakimbilia mbele. Sisi hatukuweza kukimbia. Tukaingia behewa la mwisho kabisa, lililokuwa karibu.

Nilikuwa bado najipongeza alipokuja kondakta, mzee mwenye miwani. Alisoma tiketi, akakunja uso kwa huruma.

"Hapa siyo," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Treni hii inagawanyika. Nusu ya mbele inakwenda kwenu. Nusu hii inakwenda kwingine. Kwenye kituo kijacho, mshuke, mpande mbele. Mna dakika nne."

Dakika nne zinatosha. Mtu mwenye begi jeusi la turubai angenunua na gazeti. Lakini begi langu lilikuwa limekwama kwenye ujia kati ya baiskeli mbili na kigari cha mtoto, na nilipolivuta gurudumu moja liliingia kwenye mfereji wa mlango, likakataa kutoka. Kagendo alikuwa ameshashuka. Alisimama kwenye jukwaa na begi lake mkononi, akitazama nusu ya mbele, kisha mimi, kisha nusu ya mbele.

"Liache, Kirimi!"

"Limekwama tu, ngoja!"

"Liache! Njoo! Liache!"

Ningeweza kuliacha. Nimelifikiria hili kuliko mambo mengi katika maisha yangu. Lakini nilimwona Mama Karimi na mikono yake yenye unga, nikawaona wote walionijia mlangoni, nikajiona nikirudi Nkubu kuwaeleza. Nikavuta. Gurudumu likakatika, begi likanirukia kifuani, nikaanguka nalo kwenye jukwaa. Nilipoinuka, nusu ya mbele ilikuwa inaondoka polepole, na yule kijana wa chale alikuwa dirishani akinionyesha mikono miwili mitupu.

Ubao ulisema kuna ukarabati wa njia. Treni nyingine ya mji ule ingekuwa kesho yake asubuhi. Namba ya simu ya Bi Hannelore ilikuwa kwenye barua yake, na barua nilikuwa nimeiweka mahali salama, chini kabisa ya begi la bluu. Nilitoa vitu vyote pale jukwaani, unga, njahi, chai, sweta ya mtoto, watu wakinizunguka kwa heshima kama wanavyomzunguka mgonjwa. Simu iliita. Ikaita tena. Hakuna aliyepokea.

"Hayuko nyumbani," nilisema.

"Atakuwaje nyumbani," Kagendo alisema, "na wewe umemwambia akungoje stesheni?"

Kwa Bi Hannelore

Ijumaa saa tatu asubuhi tulimkuta amesimama mwisho wa jukwaa, akiingoja treni ya kwanza bila kuambiwa, bibi mdogo wa miaka themanini na kitu, kikapu cha maua kwenye baiskeli. Alimshika Kagendo mikono yote miwili na hakuiachia. Alizungumza nami kwa Kiingereza, lakini macho yake yalikuwa kwa Kagendo.

"Jana nilikuja saa sita," alisema. "Nikaja tena saa nane. Kule makaburini wafanyakazi walikuwa wameshafika kwenye safu yetu. Niliwaambia mama yake ametuma watu, wako kwenye treni. Wakaniambia tutawasubiri saa moja. Wakakaa kwenye lori, wakanywa kahawa. Walikuwa watu wema. Walisubiri saa moja na nusu. Halafu ikabidi wafanye."

Kagendo aliniuliza amesema nini. Nilimtafsiria yote. Hilo tu nililifanya sawasawa katika safari nzima.

Ijumaa haikuwa siku ya kuanza. Ilikuwa siku ya kuwa wamemaliza, na barua ilisema hivyo kwa maneno rahisi. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi.

Makaburi yalikuwa mazuri, yana miti na bomba la maji na njia za kokoto. Bi Hannelore alitupeleka mpaka mahali palipozungushiwa kamba. Ndani ya kamba kulikuwa na ukanda wa udongo mweusi uliosawazishwa vizuri, kama kitalu kinachongoja miche, na mbegu za nyasi zilikuwa zimeshamwagwa juu. Hapakuwa na jiwe lolote. Mawe yalikuwa yameondoka na lori.

"Wapi?" Kagendo aliuliza. Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Bi Hannelore alikwenda kwenye bomba, akageuka, akaanza kuhesabu hatua. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akasogea kushoto, akaweka kikapu chini. Kisha akakiinua tena.

"Hapa," alisema. "Au hapa. Miaka yote nilikuwa natafuta jiwe lake. Sikuwahi kuhesabu."

Mfanyakazi mmoja alikuwa karibu na reki. Bi Hannelore alimuuliza, naye akaja, akavua kofia, akaeleza akionyesha kwa kiganja. Mifupa haijaguswa, iko chini kabisa, imelala kama ilivyolala. Lakini tabaka la juu la safu nzima lilichimbuliwa na mashine kung'oa misingi ya mawe, likachanganyika, na juu yake ukamwagwa udongo mpya. Udongo huu tunaouona umekuja jana kwa lori kutoka kwingine.

Nilimtafsiria Kagendo na hilo. Alikuwa ameshatoa kifuko cheupe, amekishika kwa vidole viwili.

Hapa nitaandika nilichokisema, maana nisipoandika hili basi hayo mengine ni porojo.

"Dada," nilisema, "tuchote hapa hapa tu. Udongo ni udongo. Mama hatajua."

Alinigeukia taratibu. Hakupaza sauti.

"Ndivyo ulivyosema mwaka ule. Kaburi ni kaburi. Popote lilipo lipo. Leo ni udongo ni udongo." Alikikunja kifuko mara mbili. "Unataka nimpelekee Mama mzigo wa lori? Auzike kando ya Baba, awe anauombea?"

Aliingia ndani ya kamba, yule mfanyakazi asimzuie, akapiga magoti pale katikati ya hapa na hapa, akaweka kiganja juu ya udongo mgeni. Akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, "Mutwiri. Ni Kagendo. Tumefika. Tumechelewa, lakini tumefika." Mkono wake ulipoinuka uliacha alama, na mfanyakazi hakuifuta kwa reki, alipita kando yake.

Mchana Bi Hannelore alitupikia supu. Yeye na Kagendo walimenya viazi pamoja, kila mmoja akisema lugha yake, na wakaelewana kuliko sisi wawili. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nje nikijaribu kulifunga lile gurudumu kwa kamba. Bi Hannelore aliniuliza vile vifurushi ni vya nani, akavipeleka posta siku hiyo hiyo kwa baiskeli, kimoja kimoja na anwani yake. Mama Karimi ameshanishukuru. Unga ulifika Uholanzi mapema, haukulowa, na uji wake, nimeambiwa, ulikuwa mzuri sana.

Nkubu

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno. Nina uzoefu wa kupanga maneno. Ningeanza na Bi Hannelore na maua yake ya miaka ishirini. Ningeeleza kwamba mifupa haikuguswa. Ningetaja sheria za watu wale, ukarabati wa njia, treni inayogawanyika, lifti yenye karatasi mlangoni.

Mama alikuwa ameketi nje, kwenye kiti chake cha mbao, akichambua maharage kwenye ungo. Macho yake siku hizi yanaona kivuli cha mtu, sura haoni. Alitutambua kwa miguu. Kando ya kaburi la Baba palikuwa pamelimwa, kidogo tu, kama upana wa ungo ule. Alikuwa amemwomba mtu amfanyie.

"Mmemleta?" aliuliza.

Kagendo alipiga magoti mbele yake, akamrudishia kifuko mkononi. Mama alikipapasa, akakikunjua, akaingiza vidole ndani mpaka chini kwenye mshono. Akavitoa.

"Tulichelewa, Mama," Kagendo alisema. "Tulikuta wamemaliza."

"Kwa siku ngapi?"

"Moja."

Mama alirudisha mikono kwenye maharage. Alichambua kidogo, akatupa lililooza, akatafuta lingine.

"Na mlitua lini?"

Kagendo angeweza kujibu, lakini aliniachia. Nilisema, "Jumanne."

"Na wao walimaliza lini?"

"Alhamisi, Mama."

"Sasa Jumatano mlikuwa wapi?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa ya Alhamisi. Ya Jumatano sikuwa nayo hata moja.

"Nilikuwa natazama kanisa," nilisema.

Mama alitikisa ungo, makapi yakapeperuka miguuni pangu. Ni mtu wa kanisa tangu ujana wake, na alifikiri kwanza kabla ya kuuliza.

"Lilikuwa zuri?"

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Lilikuwa zuri."